Aliyekuwa kando ya kitanda si yule wa filamu

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Kadutu. Katika toleo lililopita mliisifu sana filamu ya Le Scaphandre et le Papillon ya mwaka 2007, mkasema kila anayeuguza mtu aliyepooza aitazame. Tumeitazama nyumbani, mimi, mke wangu na yaya, maana mama yetu yuko kitandani tangu kiharusi kimnyang'anye mkono, mguu na sauti. Mwanzo ulitushika, mwisho ukatuudhi.

Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa jarida la Elle huko Ufaransa, alianguka kwa kiharusi Desemba 1995. Alipozinduka siku 20 baadaye akili ilikuwa timamu, lakini kilichobaki cha kusemea ni kope la jicho la kushoto. Mwongozaji Julian Schnabel anatuingiza ndani ya jicho hilo. Daktari anaposhona lile la kulia, sindano inakuja usoni petu kabisa. Yaya alijifunika kitenge. Kisha herufi: mtu anamsomea E, S, A, R, I, N, kwa mpangilio wa zinazotumika zaidi katika Kifaransa, naye anakonyeza akifikiwa ile anayoitaka. Ndivyo alivyomwandikisha Claude Mendibil kitabu kizima, ambacho ndicho filamu imetokana nacho. (Tumejaribu kwa mama. Tumeanza na A na I, tukaisogeza E nyuma, na sasa anadai chumvi bila mtu kubahatisha.)

Hapo nasifu pamoja nanyi. Lakini Bauby alikuwa na watoto wawili, filamu inaonyesha watatu. Hilo dogo. Kubwa ni la mpenzi wake. Kwenye filamu hatii mguu hospitalini. Anapiga simu akilia kwamba hawezi kumwona katika hali ile, na mama wa watoto ndiye anayeshika simu na kuonekana mvumilivu wa pekee. Watu waliokuwa karibu na Bauby walikwisha kueleza magazetini kwamba mpenzi huyo alikuwa akienda Berck, mji wa Ufaransa alikolazwa, kumwona mara kwa mara.

Huku kwetu Bukavu, mgonjwa akilazwa, familia ndiyo inayoleta chakula, shuka na maji ya kumwogesha. Siku ya matanga kila mtu anajua nani alikesha na nani alikuja na soda ya kuonekana. Ukimpokonya mtu ushahidi huo, umemwibia kitu asichoweza kukidai popote.

Najua mtajibu kwamba sinema ni sinema. Basi wangebuni mgonjwa wao. Wanawake hao wawili wamebadilishiwa majina, ndiyo, lakini jina la Bauby limeachwa, na aliyemjua Bauby anamjua na mpenzi wake. Mwenyewe alifariki tarehe 9 Machi 1997, siku chache tu baada ya kitabu kutoka. Filamu ilimkuta hana tena hata kope la kukataa.

Lile la kamera kupenda mno shingo na magoti ya wanawake wanaomfanyisha mazoezi nalipita. Mke wangu alilisemea vya kutosha.

Mkiisifu tena, waelekezeni wasomaji kwenye kitabu chenyewe kwanza. Ni chembamba, na Bauby anacheka humo kuliko anavyocheka kwenye filamu. Nakala yetu tuko tayari kuwaazima, ila irudi.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu