Wanaopaka rangi maandishi ya kale wajue kwanza kuyasoma

Mhariri,

Miaka yote nalisoma gazeti lako na nanyamaza, hata siku ile mlipoweka picha ya Forodhani mkaiandika Mizingani. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya ukarabati wa majengo ya umma Mji Mkongwe, yenye picha ya ukuta mweupe kama sanda, mwandishi wenu kasifu kwamba michoro na maandishi ya kidini yameondoshwa ili kuta zionekane safi. Safi! Neno hilo ndilo lililonitoa kitandani kutafuta kalamu.

Nikwambie kilichonikuta. Nilikwenda ofisi moja ya serikali, siitaji, kufuatilia karatasi za kiinua mgongo cha marehemu kaka yangu. Jengo lenyewe zamani lilikuwa nyumba ya mtu, na juu ya mlango wa ukumbini palikuwa na maandishi ya chokaa yaliyochongwa kwa mkono: Nasrun minallahi wa fat-hun karib, aya ya Kurani ya nusura na ushindi ulio karibu, na chini yake tarakimu nne za mwaka wa Hijria. Niliyasoma mara ya kwanza nikiwa na juzuu kwapani, nimetumwa na mama kupeleka vitumbua. Siku hiyo nikamkuta kijana juu ya ngazi, rola mkononi. Kaanzia kushoto kama anayeandika Kizungu, “karib” imeshazama, anaielekea “fat-hun”. Nikamuuliza, “Mwanangu, unajua unachokipaka?” Akanijibu kwa adabu, wala simlaumu: “Shikamoo mzee. Nimeambiwa nisawazishe.” Nikapanda kwa mkubwa wake. Akaniambia serikali haina dini, mzee wangu, na ukuta wa serikali vilevile. Nikamtazama. Nyuma ya kichwa chake imetundikwa saa ya plastiki, rangi ya dhahabu, ina Ayatul Kursi, na nailoni yake haijatolewa bado. Kumbe ya plastiki haina neno, ya chokaa ndiyo yenye dini! Nikamwambia zile tarakimu nne ni cheti cha kuzaliwa cha jengo hili, na wewe hapa hata fomu hunipi bila ya cheti. Akacheka, akaniagizia chai. Niliposhuka hata “Nasrun” haipo.

Anayeona hayo ni mapambo tu aende kwenye msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Msikiti ule ulijengwa upya karne ya 18, na ukiutazama kwa nje, na paa lake la bati, huoni cha kukusimamisha. Lakini ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, nayo yanataja mwezi wa Dhulkaada wa mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kwa herufi hizo ndiyo tunajigamba mbele ya dunia kwamba Uislamu kisiwani hapa una zaidi ya karne tisa. Angepita pale fundi wa kusawazisha, leo tungekuwa na msikiti wa juzi na wazee wa kusema “tulisikia”.

Na asiniambie mtu kwamba aya mahali pake ni msikitini. Beit al-Ajaib aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883 lilikuwa jumba la sherehe, si msikiti, na milango yake imechongwa aya za Kurani. Lilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, mji mzima ulilia. Kumbe tunajua kulia. Tunangoja kwanza kianguke.

Wala siyasemei maandishi ya Waislamu peke yake. Minara Miwili, kanisa lililojengwa na mapadri wa Kifaransa baina ya 1893 na 1898, ndani kuta zake zimechorwa visa vya Agano la Kale. Marehemu baba, fundi chokaa, alinitia ndani mara moja nikiwa mdogo, akanyanyua kidole akasema: hawa ni mitume wetu pia, usiguse ukuta. Baba hakusoma skuli.

Tukiwa bado kwenye milango, kuna hawa watembeza wageni. Wamewashibisha Wazungu kwamba ile misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo. Tembo wa wapi, Unguja? Atapita vipi vichochoro vya Hurumzi, kwa ubavu? Mtindo umetoka India, na hadithi ikapanda jahazi pamoja nao. Tembo wenyewe wakabaki kwao. Juzi nimemsikia mmoja amesimama chini ya mlango wenye aya na mwaka wake, anasimulia tembo, na aya yenyewe kaiita “maua ya Kiarabu”. Wageni wakapiga picha.

Halafu hiyo rangi! Kuta zetu ni mawe na chokaa, zinapumua. Ukizifunga kwa rangi ya plastiki unyevu unabaki ndani, plasta inavimba kama andazi, mvua za masika mbili tatu imo chini. Baba angepaka chokaa, na chokaa kikizidi unakikwangua, herufi iko palepale. Lakini debe la plastiki lina risiti, na chokaa cha tanuu hakina, ndiyo siri ya mambo.

Dawa yangu ni rahisi. Debe la rangi lisifunguliwe kwenye jengo lolote la zamani la umma mpaka vipatikane vitu vitatu: ngazi ya futi kumi na mbili, mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye macho mazima, na mtoto wa skuli mwenye daftari. Mwalimu apande asome kwa sauti, mtoto aandike, mkubwa wa ofisi atie saini na muhuri, maana muhuri anaupenda. Wakishamaliza, na yeye bado anataka kupaka, basi apande mwenyewe. Na aanzie kulia.

Mstaafu,
Vikokotoni, Unguja