Tuwekeeni saa za maji kupwa na kujaa

Mhariri,

Naomba gazeti lako liongeze mstari mmoja kwenye taarifa ya hali ya hewa: saa za maji kupwa na kujaa katika pwani yetu. Huenda ombi hili likashangaza likitoka Moshi, tulio mbali na bahari. Lakini ni sisi wa bara tunaolihitaji zaidi.

Likizo ya Juni nilisafiri peke yangu hadi Mtende, kusini mwa Unguja, kwa ajili ya miamba tu. Nimekulia chini ya Kibo, na mawe niliyoyazoea ni meusi ya volkano. Ya kule ni matumbawe, yaliyojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Maji yaliposhuka mwamba ukabaki nchi kavu, na sasa mawimbi yanautafuna kwa chini. Kuta zimebonyea miguuni na kutokeza juu kama paa la kibanda. Mengine yamesimama pweke majini, membamba chini, mapana juu, mfano wa uyoga. Jiwe lenyewe lina ncha kali kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi, na ukiinama unaona kabisa umbo la tumbawe ndani yake, mistari na vitundu, utadhani liligeuka jiwe jana. Nilikaa muda mrefu mbele ya ukuta mmoja nikifuata mistari hiyo kwa kidole. Sijawahi kuona kitu kilichonituliza moyo namna ile.

Nilikuwa nimeshuka saa sita mchana. Ufukwe ulikuwa mpana, nikaizunguka ncha ya mwamba bila kulowa hata unyayo, nikaingia kwenye ghuba ndogo ya pili. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, na mimi niliufurahia kwa uzuri wake tu. Mtu wa pwani angejua maana yake: bamvua. Siku kama hizo maji ya Unguja hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kisha hurudi hadi kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti hukaribia mita 4. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Yanaanza polepole, halafu katika saa ya tatu na ya nne hupanda karibu nusu ya kimo chote. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale wakati huo.

Niliposikia sauti, ilikuwa ya mama mmoja aliyesimama juu ya jabali na fimbo yake ya kuchokolea pweza. "Mwanangu, maji hayo! Usirudi ulikopita!" Nilipotazama, ile ncha niliyoizunguka ilikuwa inapigwa na mawimbi, na upepo wa kusi unayasukuma. Alinielekeza ufa kwenye ukuta, nikapanda kwa mikono. Viganja vilichanika, lakini nilifika juu. Chini yangu ufukwe wote ulikuwa umekwisha. Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hukuulizia maji kabla ya kushuka?"

Swali lake halijaniacha. Hapa kwetu mgeni hawezi kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji, na hakuna anayeona ajabu. Kule hakuna aliyeniambia neno, si nilipolala wala njiani, na pale njia inaposhukia ufukweni sikuona hata kibao. Siwalaumu wenyeji. Wao maji wanayajua tangu utotoni, na hawawezi kudhani kuwa kuna mtu mzima asiyejua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia upepo mkali na mawimbi makubwa, na nashukuru. Lakini bamvua si dhoruba. Huja kila mwezi mchanga na kila mwezi mpevu, hata bahari ikiwa shwari. Na kwa kuwa hutokana na mvuto wa mwezi na jua, saa zake hupigiwa hesabu mapema sana. Kuzichapisha hakuhitaji utabiri. Halmashauri za pwani nazo ziweke ubao penye kila njia ya kushukia miambani, uandikwe saa za siku hiyo kwa chaki.

Desemba shule zikifungwa, familia nyingi za Moshi na Arusha zitateremka pwani na watoto. Saa za bamvua za mwezi huo zinajulikana tangu sasa.

Mwalimu wa sekondari,
Moshi