Barua kwa Bakari: kuhusu bastola ya magnamu ya mjini na porini

Anchorage, Alaska

Ndugu yangu Bakari,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, nakujulisha kwamba barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, kwa kuwa swali uliloniuliza si la kujibiwa kwa haraka. Unasema kwamba sasa unayo kadi ya ukaazi wa kudumu, kwamba kila mwisho wa juma unapanda milima ya Bitterroot, na kwamba unataka revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, moja tu ya magnamu, zile risasi zenye nguvu kuliko za kawaida, itakayokaa kiunoni pale Missoula, jimboni Montana, siku za kazi na kifuani porini siku za mapumziko. Unasema pia kwamba umeipenda ile nyepesi ya kaliba ya .44 uliyoonyeshwa dukani, na umenitajia nyingine ya mtumba, ambayo nitaifikia. Ile nyepesi nakusihi usiinunue.

Fremu ya aloi ya skandiamu na silinda ya titani huishusha bastola ya .44 hadi gramu 700 na ushei, na ukiishika dukani utaona raha kweli. Lakini nguvu ya baruti haipungui kwa sababu chuma kimepunguzwa; yote hurudi kiganjani mwako. Mimi niliwahi kununua ya namna hiyo, nikaenda nayo kwenye uwanja wa shabaha, nikapiga risasi nne huku kifundo cha mkono kikiuma zaidi kila mara, na ya tano haikulia kabisa. Mishtuko ya zile nne za kwanza ilikuwa imekivuta kichwa cha risasi kikatoka kwenye ganda lake kidogo kidogo, kikatokeza mbele ya silinda na kugota kwenye fremu, silinda ikagoma kuzunguka. Sifa kubwa ya revolva ni kwamba risasi moja ikikataa kuwaka unavuta kifyatulio tena na inayofuata inakuja mahali pake. Mkwamo wa aina hii huiondoa sifa hiyo yote. Nilihitaji meza, kijiti na dakika kadhaa kuifungua. Sikuibeba tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni .357, kaliba ndogo kuliko .44, ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 4, risasi sita, na uzito unaozidi kilo 1 kidogo. Najua uzito huo utakuchosha wiki ya kwanza. Hata hivyo uzito huohuo ndio unaoituliza bastola mkononi, ukakuwezesha kupiga risasi hamsini kwa siku moja bila kuanza kukiogopa kifyatulio, na mtu anayekiogopa kifyatulio hukosa shabaha hata kwa karibu.

Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, ikiwa ndani ya bastola kubwa na nzito za Smith & Wesson. Mwaka 1955 kampuni hiyo ikaitia kwenye fremu ya wastani, ile iliyokuja kuitwa Model 19, na polisi wengi wa Marekani wakaipenda kwa sababu haikuwachosha kiunoni. Tatizo ni kwamba, ili mkono unaobeba silinda upate nafasi, mdomo wa nyuma wa mtutu ulichongwa bapa upande wa chini, chuma kikawa chembamba hapo. Na risasi nyepesi za greni 125 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), zenye moto mkali, zilipopigwa kwa wingi, baadhi ya mitutu ikapasuka mahali hapohapo. Si bastola mbaya, na ukiilisha .38 Special, risasi fupi na dhaifu zaidi inayoingia kwenye bastola hiyohiyo, kwa kawaida itakuzika. Lakini wewe unataka ya kula magnamu miaka yote, na kwa kazi hiyo zilitengenezwa nyingine: Smith & Wesson 686 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye fremu nene kidogo, na Ruger GP100 ya mwaka 1985. Mimi nabeba GP100. Fremu yake haina bamba la ubavuni, silinda inafungwa mbele na nyuma, na sehemu za ndani unazitoa mwenyewe nyumbani kuzisafisha, jambo ambalo baada ya mvua za huku nalithamini kuliko urembo wowote.

Kuhusu dubu sitakuficha: kwa grizi, yule dubu mkubwa wa kahawia, .357 iko chini ya kiwango ambacho wengi wangekipenda. Porini itie risasi nzito zenye vichwa vilivyosubuliwa kwa madini magumu ya risasi, greni 180, ambazo hupenya kwa kina badala ya kuchanua. Zile zenye tundu puani ziache kwa ajili ya mjini. Kama ungekuwa unaishi pwani ya huku, penye dubu wakubwa wanaokula samaki, ningekwambia nunua .44, lakini ya chuma kizito kama Ruger Redhawk. Na popote utakapokwenda, kopo la dawa ya pilipili litangulie mkononi kabla ya bastola. Grizi wa Montana wanalindwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1975, na kumuua kunasameheka tu pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini.

Ile ya mtumba uliyoitaja usiikatae kwa sababu ni ya mtumba, ikague. Fungua silinda, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba zote sita ni tupu. Kisha rudisha nyundo polepole huku kidole cha mkono wa pili kikiizuia silinda kidogo: lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho, nawe rudia kwa chemba zote sita, maana moja inaweza kuwa imechoka peke yake. Nyundo ikiwa nyuma, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, mrudishie mwenye duka. Itikise silinda mbele na nyuma. Mwisho mulika mdomo wa nyuma wa mtutu utafute ufa.

Ukipiga .38 nyingi, masizi hujenga pete ndani ya chemba, na siku utakapotia .357 zitaingia kwa shida. Sugua chemba kila mara. Unapotoa maganda, elekeza mtutu juu ubonyeze kitoleo kwa nguvu, chembe za baruti zisije zikaingia chini ya nyota yake na kuikwamisha silinda.

Porini ibebe kifuani, kwa kuwa mkanda wa begi utaiziba kiunoni. Montana haidai kibali cha kubeba bastola iliyofichwa tangu mwaka 2021 kwa aliyeruhusiwa kisheria kumiliki, na katika hifadhi za taifa unaruhusiwa kuwa nayo tangu 2010, ila usiingie nayo kwenye majengo ya serikali yaliyomo humo. Ukienda hifadhi ya Glacier, iliyo mpakani, usivuke nayo kuingia Kanada kwa hali yoyote. Nyumbani ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, watoto wasijue hata ufunguo uliko.

Utakapokwenda kuiona ile ya mtumba, nipigie simu ukiwa palepale dukani, kabla hujalipa, tuikague pamoja chemba kwa chemba.

Wako akupendaye,
Idi