Artemisinini ya hamira si dawa ya bandia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nisahihishe makala mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu dawa mseto ya malaria. Mwandishi wenu alieleza kwamba dawa hiyo siku hizi haitoki tena shambani, kwamba inapikwa Ulaya kwa hamira, kemikali na metali, na kwamba kwa sababu hiyo tunauziwa kitu cha bandia; kisha akawashauri wasomaji warudi kwenye majani ya artemisia, wayachemshe na kunywa. Nimefundisha kemia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na makosa ya namna hii nimezoea kuyakuta katika madaftari ya wanafunzi, ambako kalamu nyekundu inatosha. Yakitoka gazetini yana uzito mwingine, kwa sababu mzazi aliye na mtoto mwenye homa usiku hawezi kusubiri masahihisho.

Artemisia annua ni mmea wa jamii ya pakanga, wenye majani yaliyochanika kama ya karoti na harufu kali inayobaki vidoleni. Wachina waliutumia kutibu homa kwa karne nyingi, lakini dawa iliyomo ndani yake, artemisinini, ilipatikana kwa taabu. Tu Youyou na wenzake, waliokuwa katika mradi wa siri ulioanzishwa na serikali ya China mwaka 1967, walipata matokeo ya kuyumba: leo dondoo la mmea linaua vimelea vya malaria, kesho haliui. Mwanga ulitokea katika maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya nne, aliyeagiza kwamba majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa, bila kutaja kuyachemsha. Tu akahisi kwamba moto ndio unaoharibu dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, yaani chini ya joto la mwili wa binadamu, na Oktoba 1971 akapata dondoo lililoua vimelea vyote katika panya wa maabara. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2015. Mwandishi wenu amemtaja mama huyo kwa sifa nyingi, halafu katika aya iliyofuata akawaambia watu wachemshe majani.

Siri ya dawa hii imo katika umbo lake. Molekuli ya artemisinini ina atomu 15 za kaboni, 22 za haidrojeni na 5 za oksijeni, na katikati yake atomu 2 za oksijeni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kama daraja. Kiungo cha oksijeni kwa oksijeni ni dhaifu, na udhaifu huo ndio unaotuponya. Kimelea cha malaria kinapokula hemoglobini ya damu yetu kinabakiwa na himu, ile pete yenye chuma katikati. Artemisinini ikikutana na chuma hicho, daraja linavunjika, na vipande vinavyozaliwa vina uchu mkubwa wa kuungana na chochote kilicho jirani. Vinajibandika kwenye himu na kwenye protini za kimelea hadi kinakufa. Kwa hiyo metali, ambayo mwandishi aliitaja kama sumu iliyopenyezwa na viwanda, imo ndani ya damu ya kila msomaji wake, na bila hiyo dawa isingefanya kazi.

Sasa nije kwenye hamira. Mmea huu unatoa artemisinini kidogo, kwa kawaida karibu asilimia moja ya uzito wa majani makavu au pungufu, na tangu kuotesha mbegu hadi kupata dawa ni safari ya takriban mwaka mmoja na nusu. Ndiyo maana Jay Keasling na wenzake huko Berkeley, Marekani, walichukua jeni za mmea na kuziingiza katika hamira, ileile ya maandazi, ili iichachue sukari na kuigeuza kuwa asidi ya artemisiniki, kiungo ambacho mmea wenyewe unakipitia njiani. Mwaka 2006 walitangaza kwamba hamira imekubali. Kufikia 2013 lita moja ya mchachuko ilikuwa ikitoa gramu 25 za asidi hiyo. Hapo biolojia ilikoma na kemia ya viwandani ikaanza, katika kiwanda cha kampuni ya dawa ya Sanofi kilichoko Garessio, Italia.

Kazi ya kwanza ya kiwanda ilikuwa kuongeza haidrojeni mahali pamoja tu pa molekuli, tena kutoka upande mmoja. Anayeona hilo ni jambo dogo ajaribu kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia: molekuli yenye atomu zilezile lakini iliyopinda upande usiotakiwa si dawa. Kinachoielekeza haidrojeni ni kichocheo, atomu ya metali ya rutheniamu iliyozungushiwa molekuli kubwa zilizopinda upande mmoja, zikiiachia haidrojeni mlango mmoja wa kupita. Vichocheo vya ukoo huo ndivyo vilivyompatia Ryoji Noyori wa Japani Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili. Kichocheo hakibaki kuwa sehemu ya dawa. Kinafanya kazi yake na kutengwa.

Hatua iliyofuata ndiyo niipendayo kuliko zote, na wanafunzi wangu walinizoea nikiirudia. Oksijeni ya kawaida haitoshi kujenga lile daraja. Inabidi iamshwe kwa mwanga. Kiwandani walitumia taa kali na rangi maalumu ya jamii ya porfirini, inayopokea mwanga na kuikabidhi oksijeni nguvu yake. Porfirini ni pete ya namna ileile inayokishika chuma cha damu. Pete ya ukoo mmoja, basi, inasaidia kujenga daraja kiwandani, na nyingine inalivunja ndani ya mgonjwa. Wataalamu wanaamini kwamba hata ndani ya jani hatua hii ya mwisho inafanywa na mwanga wa jua na oksijeni.

Kilichotoka Garessio na kinachotoka jani la artemisia ni molekuli moja, atomu kwa atomu. Na kama tatizo ni mkono wa mkemia, basi hakuna dawa mseto iliyosalimika: artemeta iliyomo katika vidonge vyetu inapatikana kwa kuibadilisha artemisinini katika maabara, hata pale artemisinini hiyo ilipovunwa shambani.

Dai kwamba dawa haitoki tena shambani nalo si kweli, ingawa ningependa mwandishi angelifuatilia, kwani hapo ndipo palipokuwa na habari. Katikati ya miaka ya 2000 bei ya artemisinini ilipanda kupita dola 1,000 kwa kilo, na wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania wakashawishiwa kupanda artemisia. Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Bei ilipoporomoka aling'oa miche yote akarudia mahindi, na mpaka leo ukiitaja artemisia mbele yake anabadilisha mazungumzo. Bei hiyohiyo ndogo ndiyo iliyokishinda kiwanda: artemisinini ya majani ilishuka chini ya dola 250 kwa kilo wakati ya hamira haikuweza kuuzwa chini ya 350, na mwaka 2015 Garessio haikutengeneza artemisinini kabisa, baadaye kiwanda kiliuzwa kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria. Sehemu kubwa ya dawa imeendelea kutoka kwenye majani, na mkulima hajashindwa na hamira.

Nimalizie na chai ya artemisia, ambayo tangu siku za korona imekuwa ikisifiwa kila kijiwe. Mtu mzima anayemeza dozi kamili ya dawa mseto hupata vidonge 24, vinne kila mara kwa mara sita katika siku tatu, na kila kidonge kina miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini, dawa ya pili katika mseto huo, ambayo inafyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Katika kikombe cha chai hakuna anayejua ameweka miligramu ngapi, artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na lumefantrini haimo. Vimelea vinavyobaki baada ya dozi pungufu ndivyo vinavyojifunza kuishi na dawa. Vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayovifanya vichelewe kufa mbele ya artemisinini vimekwisha kugunduliwa Rwanda, Uganda na hapa kwetu mkoani Kagera. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani ya artemisia kwa namna yoyote katika kukinga au kutibu malaria.

Naomba masahihisho haya yachapwe katika ukurasa uleule uliobeba makala, na kwa herufi za ukubwa uleule, hasa sehemu ya vidonge 24.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Moshi