Freni ya disiki ikikwama musiikate, inafunguka

Bwana Mhariri,

Salamu toka Kadutu. Naandika juu ya tabia moja ninaiona kwa mafundi wetu hapa Bukavu na inaniuma roho kabisa. Moto (pikipiki) ikikwama freni ya disiki ya mbele, fundi anakata bomba, anaziba na bulo (boliti), anakwambia "papa tumia ya nyuma tu, itatosha". Itatosha wapi? Mji wetu wote ni milima, ukishuka toka Kadutu kuelekea Nyawera mvua imenyesha uzito wote unakuja mbele, freni ya mbele njo inabeba kazi kubwa, ya nyuma peke yake gurudumu linateleza tu na mama uliyempakia nyuma anaenda chini pamoja na mtoto mgongoni.

Mimi niko na Honda CB750 ya marehemu papa, ya miaka ya 70. Vijana hawaijui, lakini Honda walipoitoa 1969 ilikuwa kati ya moto za kwanza kutengenezwa kwa wingi zenye disiki mbele. Ilikaa miaka 11 nyuma ya nyumba chini ya bashi (turubai) na mvua yetu munaijua. Siku tuliitoa, tulisukuma watu watatu, gurudumu la mbele halikuzunguka hata kidogo. Garaji ya kwanza wakasema kata. Garaji ya pili kijana akachukua etriye, kile chuma chenye pistoni kinachobana disiki, akaenda nayo kwa kwado, fundi wa matairi, akapiga upepo wa kompresa, pistoni ikatoka kama risasi ikamponda kidole, ukucha wote ukaenda. Kijana mzuri, mchapakazi, hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba upepo unajibana ndani halafu unaruka wote mara moja. Toka siku ile nikaamua kazi hii nitaifanya mwenyewe pole pole, na njo maana naandika.

Kwanza mutu asiseme pistoni imekwama bila kupima. Gurudumu likiwa limeshikwa, fungua kidogo ile nipo ya kutolea hewa pale kwenye etriye. Likiachilia, pistoni haina kosa, ni bomba ya raba imevimba ndani kwa uzee ama kale katundu kadogo ka kurudishia mafuta kwenye pompa ya juu kameziba. Lisipoachilia, sasa ni pistoni. Na kwa CB750 angalia pia ule mkono etriye inachezea, iko pistoni moja tu upande mmoja, kwa hiyo mkono ukishika kutu etriye haisogei na utasingizia pistoni bure.

Kuitoa, nguvu nzuri ni ya maji, hapana ya upepo, juu maji hayajibani, pistoni ikishatoka nguvu inaisha palepale. Acha etriye kwenye bomba yake, itoe kwenye disiki, tia mafuta ya freni mapya, minya manete (mkono wa freni) taratibu, mara nyingi inakuja yenyewe. Yangu ilikataa. Nikailoweka siku tatu na mafuta ya kufungulia kutu, nikaichemsha ndani ya sufuria (sufuria ya zamani, isirudi jikoni tena, mke wangu alinikumbusha vizuri) juu aliminyamu inapanuka kuliko chuma ikipata moto, lakini bado. Mwishoni turneri mmoja mzee, fundi wa kuchonga chuma, akanichongea kichwa kinachoingia pale bomba ya freni inafungwa, nikaunga pompa ya grisi ya mkono, ile ya mafundi wa magari, nikaziba nipo, nikapampu. Ilitoa mulio mmoja, taa! halafu ikaanza kutoka milimita kwa milimita. Pale nilimkumbuka papa sana.

Pistoni musiishike na pensi (koleo), hata kama iko nje nusu, ukiikwaruza imekufa. Na ukishaitoa usifurahi haraka, juu adui mwenyewe anakaa ndani ya ule mfereji wa raba inayozunguka pistoni, unga mweupe mgumu kama simenti, unaisukuma raba inabana pistoni. Utoe wote na kamti kagumu ama kitu cha shaba, safisha grisi yote na alkoli, tia raba mpya. Ile raba ya pembe nne haizuii kuvuja tu, inajipinda ukifunga freni na ikirudi inairudisha pistoni nyuma kidogo. Ukirudisha ya zamani, baada ya mwezi uko palepale. Pistoni yangu kromu ilikuwa imekulwa na kutu, yule mzee akanichongea nyingine ya inokisi, chuma kisichoshika kutu.

Sasa neno lenyewe "mafuta ya freni" linatuponza. Watu wanasikia mafuta, wanatia oili ya injini ama wanaosha raba na petroli, raba zinavimba usiku ule ule na freni inashika tena. DOT 3 na DOT 4, aina za mafuta ya freni zinazoandikwa kwenye chupa, si oili kabisa, na zinakunywa maji ya hewani, hayo maji njo yanaleta kutu ndani. Tena DOT 4 mpya inavumilia moto mpaka digrii 230, ikishakunywa maji inaweza kushuka mpaka 155 hivi, na mwenye anashuka mlima wote ameshika freni inachemka, manete inaingia mpaka kwenye gidoni (usukani) bila kushika kitu.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba muwafikishie wauzaji wa soko la Kadutu: acheni kupima mafuta ya freni kwa kachupa toka bidoni iliyokaa wazi wiki nzima. Leteni zile chupa ndogo zilizofungwa, mteja afungue mwenyewe. Tutalipa tofauti, mimi wa kwanza.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu