Tuchague vitabu kwa maswali tuliyonayo, tusivihesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo vijana wamekuwa wakiniuliza mara kwa mara tangu nilipostaafu, nalo ni vitabu gani wasome na wavisome kwa namna gani. Sina shahada ya fasihi. Wananiuliza kwa kuwa hapa Makole nimezoeleka kuonekana kibarazani kila jioni nikiwa na kitabu na penseli. Kwa miaka 31 nilikuwa karani wa masjala katika ofisi za serikali, na sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu usomaji nilikipata kwenye mafaili.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja jirani yangu, mtumishi aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake kutoka Dar es Salaam. Mwezi wa Aprili alikuja kunisalimia akiwa na daftari ambamo alikuwa ameorodhesha vitabu 52, kimoja kwa kila wiki ya mwaka, na mbele ya vitabu 14 vya kwanza alikwisha kuweka alama ya vema. Nilimpongeza kwa bidii yake, kisha nikamwomba anisimulie kitabu cha tisa kinasema nini. Ilimbidi kwanza aangalie orodha ili ajue cha tisa ni kipi. Akakumbuka rangi ya jalada lake, akakumbuka pia kwamba mwandishi anahimiza watu kuamka saa kumi alfajiri, na baada ya hapo akanyamaza. "Mzee wangu, nimekisoma chote, Mungu ni shahidi yangu," aliniambia, nami nilimwamini. Alikuwa amekisoma chote, na hakikumwachia kitu.

Sikufurahi kumwona akiona haya, kwa sababu kosa hilo si lake peke yake. Tumemrithisha mazoea ya kudhani kwamba kusoma ni kumaliza, na kwamba msomaji hupimwa kwa idadi ya vitabu alivyovifunga. Mtu mwenye mazoea hayo huchagua vitabu vyembamba ili orodha isogee, huchagua vile ambavyo wenzake wanavitaja ili naye avitaje, na hukimbilia ukurasa wa mwisho kama anayewahi basi.

Mimi naamini kwamba kitabu huchaguliwa kwa swali. Kabla mtu hajauliza asome nini, ajiulize ni jambo gani linalomkosesha raha au linalomtamanisha kujua, hata kama ni dogo. Siku ile nilimwomba jirani yangu aliweke daftari pembeni, tukazungumza kwa muda mrefu mpaka kikajitokeza kilichokuwa moyoni mwake. Alikuwa amenunua kiwanja Ihumwa, amekwisha kupandisha msingi, na alitambua kwamba hajui lolote kuhusu watu ambao anakwenda kuzeekea kati yao. Majirani zake wa huko walikuwa wakitaja koo zao na yeye hakuelewa ni kitu gani kinachotajwa. Nikaingia ndani, nikamletea nakala yangu iliyolegea nyuzi ya kitabu cha Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954.

Hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ni mtoto wa Ihumwa hiyo hiyo. Aliandika historia ya watu wake kwa Kiswahili wakati nchi hii ikiwa bado chini ya Waingereza, na kitabu chake kilionekana kuwa na thamani kiasi cha kutafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani mwaka 1995. Lakini nimekutana na watu wengi wenye elimu nzuri, wanaopita Ihumwa kila asubuhi wakielekea Mji wa Serikali kule Mtumba, ambao hawajapata kulisikia jina lake. Orodha za vitabu vinavyodaiwa kuwa lazima kila mtu avisome kabla hajafa hutungwa na watu wasiomjua msomaji wala mahali anapoishi, ndiyo maana haziwezi kumpeleka jirani yangu kwenye kitabu kilichoandikwa na mwenyeji wa pale pale anapojenga.

Swali likishapatikana, bado kuna kazi ya kupima kitabu kabla ya kukilipia au kukiazima. Wale wanaonunua kwa wauza vitabu vya mitumba, wanaotandaza turubai chini karibu na soko, wanajua kwamba muuzaji hakatazi mtu kuchutama na kufunua. Nikifika pale hutazama kwanza mwaka wa kuchapishwa, kisha ukurasa wa yaliyomo, halafu nafungua katikati kabisa na kusoma aya mbili polepole. Sisomi utangulizi, kwa kuwa kila mwandishi hujitahidi pale mwanzoni, wala sisomi sifa zilizoandikwa nyuma ya jalada. Katikati ndiko mwandishi anakoonekana kama ana la kusema au ameishiwa. Ikiwa aya hizo zingeweza kukatwa na kubandikwa katika kitabu kingine chochote bila mtu kugundua, nakirudisha kwenye turubai. Kwa namna hii nimevirudisha vingi vya kufundisha mafanikio, ingawa sivikatazi, kwani baadhi yake vina wazo moja jema. Wazo hilo kwa kawaida hutosha kurasa chache za mwanzo, na aliyelipata anaweza kukifunga kitabu bila kujiona mkosaji. Kuacha kitabu ambacho hakikujibu ni sehemu ya kuchagua.

Nikija kwenye namna ya kusoma, nitaeleza nilivyofundishwa masjala, kwa sababu sijaona njia iliyo bora zaidi. Barua katika faili hupewa namba za folio kwa kufuatana, na iliyoingia karibuni ndiyo inayokaa juu. Ofisa mgeni husoma ile ya juu tu na kuandika dokezo kwa haraka, kisha anakosea, kwa sababu shauri lenyewe lilianzia folio ya tatu, miaka minne nyuma. Mkuu wangu wa kwanza wa masjala, mama mmoja mwenyeji wa Kondoa ambaye sasa ni marehemu, alinizuia kuandika chochote kabla sijalipitia faili zima mara mbili. Mara ya kwanza upesi, kuanzia folio ya kwanza, ili nijue ni nani anamwandikia nani, tarehe gani, na anataka nini. Mara ya pili polepole, nikisimama kwenye folio tatu au nne ambapo jambo liligeuka. Baada ya hapo alinipa kipande cha karatasi, akafunga faili, akalikalia, na kunitaka niandike shauri hilo kwa sentensi tatu za maneno yangu mwenyewe. Niliposhindwa, faili lilirudi mezani kwangu.

Hadi leo nasoma vitabu kwa namna hiyo. Katika mzunguko wa kwanza sisimami kutafuta maneno magumu. Naweka nukta ndogo ya penseli pambizoni na kuendelea, maana anayekimbilia kamusi kila mstari hupotewa na habari yenyewe. Katika mzunguko wa pili ndipo nafungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu na kuzirudia nukta zangu, na mara nyingi nakuta kwamba nusu yake zimekwisha kueleweka zenyewe. Kisha naandika sentensi zangu tatu ndani ya jalada la nyuma, pamoja na tarehe. Kitabu cha kuazima hakiandikwi hata nukta, kwa hiyo hicho nakitengea karatasi.

Nitoe mfano wa faida ya kurudia. Nilisoma Kusadikika ya Shaaban Robert nikiwa na miaka 19, nikaipenda kama hadithi: nchi inayoelea angani, kijana Karama anayeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na visa vya wajumbe sita waliotumwa huku na huko kutafuta yenye manufaa kwa nchi yao, ambao badala ya kushukuriwa walitiwa gerezani. Niliwahurumia, nikakifunga kitabu. Zaidi ya miaka 20 baadaye, nikiwa na mazoea ya masjala ya kuanza na tarehe, nilitazama mwaka wa kutolewa nikakuta ni 1951, yaani miaka kumi kabla ya Uhuru, na mwandishi alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni. Niliposoma tena, hadithi ile ile ilikuwa na uzito mwingine. Niliona kwa nini nchi ile iliwekwa angani, mahali ambapo hakuna mtawala angeweza kusema kwamba ni yake. Niliona pia jambo ambalo ujana wangu ulilipita bila kuligusa: Karama hapotezi muda kukana mashitaka, bali anaieleza mahakama habari za wajumbe mmoja baada ya mwingine, mpaka mshitaki mwenyewe anaanza kuonekana mshitakiwa. Katika orodha ya jirani yangu kitabu hiki kingepata alama moja ya vema mwaka ule nilipokuwa na miaka 19, na nisingekigusa tena.

Mashairi yana utaratibu wake, na hapa ndipo nawaomba vijana wasione haya kutumia sauti. Shairi la kimapokeo lenye mshororo wa mizani 16 hupumua katikati, mizani nane kwa nane, na asiyelisoma kwa sauti hawezi kuisikia pumzi hiyo. Jirani yangu alijaribu ubeti mmoja kibarazani kwangu akiusoma kama tangazo la ofisi. Nikamwomba ahesabu mizani kwa vidole, afikapo ya nane anyamaze kidogo, ndipo aendelee. Mara ya tatu aliinua macho na kusema, "Kumbe vina vya katikati vinaitana!" Tangu hapo tumekuwa tukisoma Ngonjera za UKUTA (yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha washairi) za Mnyampala huyo huyo, zilizotolewa mwaka 1970 na 1971 baada ya kifo chake, kila mmoja na upande wake, kwa sababu ngonjera ni majibizano na inahitaji vinywa viwili. Watoto wa mtaani husimama langoni kusikiliza, na wawili kati yao sasa wanataka wapewe upande wao.

Kuhusu wanafunzi nitasema kwa ufupi, ingawa moyo wangu unatamani kusema mengi. Likizo ya Juni mjukuu wangu wa kidato cha nne alikuja na kijitabu cha uchambuzi, akanitajia dhamira, migogoro na tamathali za semi za riwaya ambayo hakuwahi kuifunua. Shuleni kwao hilo halikuonekana kuwa kasoro. Tuliitafuta riwaya yenyewe, tukawa tunasoma sura moja kila baada ya chakula cha jioni, yeye akisoma na mimi nikisikiliza. Jioni ya nne aligombana na kile kijitabu. Kilikuwa kimemwita mhusika mmoja mjinga, naye akanionyesha ukurasa ambapo mhusika huyo ananyamaza kwa makusudi ili kumlinda mwenzake. "Babu, aliyeandika huu uchambuzi hakusoma hapa," alisema kwa hasira. Hasira hiyo ilinifurahisha kuliko alama yoyote aliyopata kuniletea.

Wapo watakaosema kwamba kusoma kitabu mara mbili ni anasa ya mstaafu. Nawajibu kwamba nilifanya hivyo nikiwa kazini, nikiwa na shamba la mtama na karanga Hombolo, kwa kufuata majira yetu ya huku. Mvua za Dodoma huanza mwezi wa Desemba na kwisha Aprili, na katika miezi hiyo mkulima hana jioni. Nilisoma mashairi tu, mawili au matatu kwa wiki. Kiangazi kinapoingia, kuanzia Mei hadi Novemba, jioni huwa ndefu na upepo huwarudisha watu ndani mapema, na hapo nilichukua kitabu kimoja kinene, au viwili. Vitabu vinne au vitano kwa mwaka, vikisomwa hivyo, havikunipungukia.

Mhariri, gazeti lako lina kurasa kadhaa za michezo kila siku, nami ni mmoja wa wanaozisoma. Ombi langu ni nusu ukurasa kwa wiki kwa ajili ya vitabu vya Kiswahili, vipya na vya zamani. Tusipewe sifa za mwandishi wala maneno ya mchapishaji. Tupewe mwaka wa kuchapishwa, swali ambalo kitabu kinajaribu kulijibu, na aya mbili zilizotolewa katikati yake, msomaji apime mwenyewe. Mkianza, naomba cha kwanza kiwe kile cha mwaka 1954 cha Mnyampala. Nakala yangu iko kwa jirani yangu, ambaye anakisoma kwa mara ya pili, lakini ameahidi kuirudisha kabla hajaezeka nyumba yake, nami nitakuwa tayari kuwaazima.

Karani mstaafu,
Makole, Dodoma.