Mpwa wangu, jumba unalolala lilijengwa na Vita Baridi

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Juzi usiku ukumbini kwa bibi yako ulifunga daftari la historia ukasema Vita Baridi vilikuwa ugomvi wa Wamarekani na Warusi, sisi havikutuhusu. Sikukujibu kwa sababu bibi alikuwa ameshaanza kusinzia. Nakujibu leo, na barua naiweka hadharani, maana nimewasikia wenzako wengi wakisema hivyohivyo.

Tuanze na hapo ulipokuwa umekaa. Ramani ya majumba ya Michenzani, hapa mjini Unguja, ilichorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla yake walikwisha kujenga Kikwajuni na Kilimani. Umewahi kujiuliza kwa nini? Nchi yao wenyewe ilikuwa bado inajifufua kutokana na vita vikuu. Walikuwa na shida ya nyumba kwao. Walifuata nini kwenye mitaa yetu ya Ng'ambo, kwa wachuuzi na wavuvi waliokuwa wakiishi kwenye vibanda vya udongo na makuti?

Walikuwa wanalipa deni la shukrani. Baada ya vita Ujerumani ilikatwa vipande viwili, na ile ya Magharibi ikadai kwamba yenyewe ndiyo Ujerumani pekee. Tangu 1955 ilikuwa na kanuni iliyopewa jina la Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, itavunjiwa uhusiano na kunyimwa msaada. Muungano wa Kisovieti peke yake ndio uliosamehewa. Afrika nzima ikanyamaza, kwani msaada ulikuwa unahitajika. Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na wiki chache baadaye kisiwa chetu kikaitambua Ujerumani Mashariki, cha kwanza barani. Kwa watu wa Berlin Mashariki, waliokuwa hata hawapokelewi kwenye mikutano ya dunia, hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Zege unaloliona lilitokana na hapo.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikatae neno lako. Tulipoungana na Tanganyika mwezi Aprili mwaka huohuo, ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Unguja uligeuka tatizo la Mwalimu Nyerere. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikataka uondoke. Mwalimu akatafuta njia ya katikati: usiwe ubalozi kamili, uwe ubalozi mdogo huko Dar es Salaam. Watu wa Bonn hawakuridhika. Mwanzoni mwa 1965 wakakata msaada wa kijeshi waliokuwa wanaipa Tanzania. Mwalimu akawaambia basi chukueni na misaada mingine yote ya serikali yenu. Hebu fikiri, nchi changa isiyo na wahandisi wa kutosha wala madaktari, inamwambia tajiri afungashe vyake kwa sababu haitaki kuchaguliwa marafiki. Kila nikisoma habari hiyo moyo hunipanda. Mtu ambaye ugomvi haumhusu hafikishwi kwenye uamuzi kama ule.

Wamarekani nao walikuwapo, tena mapema. Pale Tunguu walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, alizungumza na watu waliokuwa kituoni hapa Unguja. Wenyeji wengi hawakuamini kwamba ni kazi ya anga tu, na uvumi wa makombora ukaenea. Karume alikifunga mwaka 1964. Wakati huo magazeti ya Magharibi yalikuwa yanakiita kisiwa hiki Cuba ya Afrika, na mwanasiasa Abdulrahman Babu na wenzake wa chama cha Umma Party walikuwa wanatazamwa kwa jicho la hofu kwa ajili ya urafiki wao na China. Januari 1965 wanadiplomasia wawili wa Kimarekani walifukuzwa nchini kwa tuhuma za njama, na Marekani ikazikana. Mmoja wao alikuwa Frank Carlucci, aliyekuwa konseli wao hapa Unguja. Huyo huyo baadaye alikuja kuwa naibu mkurugenzi wa CIA, shirika lao la ujasusi, na kuanzia 1987 waziri wa ulinzi wa Marekani. Wewe waambie wanaosema tulikuwa kisiwa cha karafuu tu.

Sasa kuna upande ambao daftari lako halikuutaja, na mimi sitaki kukuficha. Wajerumani wale hawakuleta saruji peke yake. Walileta pia wataalamu wa usalama, waliosaidia kuunda vyombo vya kuwapeleleza watu wetu wenyewe. Kulikuwa na watu waliochukuliwa usiku na hawakurudi. Ndiyo maana bibi yako akifika kwenye miaka ile hushusha sauti hata leo, mlango ukiwa umefungwa, wajukuu tu wakiwa ndani. Nakipenda kile kiburi cha 1965 kwa moyo wangu wote, na hofu ile inaniuma vilevile, wala sioni njia ya kusimulia kimoja nikaacha kingine.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani Mashariki ikafutika kwenye ramani. Waliochora majumba yetu hawana tena nchi ya jina lile, lakini ngazi zao bado tunazipanda. Maji yakishindwa kufika juu, ni wewe unayebeba ndoo.

Ijumaa ukija kwa bibi baada ya sala, njoo na daftari lako. Usimwulize kuhusu Wamarekani wala Warusi. Mwulize nyumba yao ya zamani, ile iliyobomolewa Ng'ambo ili majumba haya yajengwe, mlango wake ulielekea wapi. Atakusogeza dirishani akuonyeshe kwa kidole.

Ni mimi mjomba wako